Malunde Anarudi kwa Fuso

Katoro, Jumanne, baada ya chai ya saa nne

Mama yangu, Mayu,

Shikamoo, na mwangaluka ya Kisukuma chetu juu yake. Naandika zote mbili maana nikiandika moja tu utasema Geita imeshanimeza. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au alijichua yeye? Na michembe ya viazi uliianua kabla ya ile mvua ya ghafla, au imeota ukungu na wewe unanificha? Baba naye mpe shikamoo yake. Ila barua hii usimsomee, Mayu. Isome jikoni ukiwa peke yako, na mwishoni nitakuambia la kufanya.

Mimi ni mzima. Kikohozi kilishaniacha. Mikono tu ndiyo imekomaa, hata juzi nilipompa mkono mama muuza ndizi aliniuliza kama siku hizi nashuka shimoni na wachimbaji. Nikamwambia, mama, mimi huko chini sijawahi kwenda wala sitakwenda, mimi nafua bati. Akasema basi hilo bati linakufua na wewe.

Utauliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ipo. Mayu, simu yako inapayuka. Mtu akikupigia, majirani wanaitikia. Na Baba tangu macho yamgomee, masikio yake yanachota kila kitu hadi kinachonong'onwa nyuma ya nyumba. Jambo hili sitaki alisikie. Nataka alishike.

Ni habari ya Malunde.

Usicheke. Najua Malunde aliuzwa kwenye mnada wa ng'ombe Tinde miaka mingi iliyopita, na najua Baba alirudi jioni ile na kamba mkononi, akaitundika kwenye nguzo ya nyumba, akala ugali wake. Nilikuwepo. Lakini nilipokuja nyumbani mara ya mwisho kuna kitu Baba aliniambia, na sikukuambia. Tulikuwa tumekaa kwenye zizi, lile lililobaki na mbuzi watatu na jogoo mwenye kiburi. Alikuwa anajisugua kiganja kwa kidole gumba, ile tabia yake. Akasema, "Shija, nimezoea kutoona mchana. Lakini zamani nikilala nilikuwa naona. Nilikuwa naona shamba, namwona mama yenu, namwona Malunde. Sasa Malunde ananipotea. Nikimwota nasikia pumzi tu. Uso hauji, shingo haiji. Naona nimeanza kumsahau."

Mama, Baba hajawahi kulalamika mbele yangu. Daktari alipomwambia mishipa ya macho imekufa na haifufuki, alisema asante, akaomba maji ya kunywa. Lakini siku ile zizini sauti yake ilitetemeka. Nilirudi huku na ile sauti kifuani, nikawa nayo nikiosha vyombo, nikawa nayo nikigonga bati. Niliona uchungu sana.

Sasa sikiliza. Unamjua Manju Sayi, yule kiongozi wa ngoma wa hapo Mhunze, mwenye sauti nzito, ambaye mwaka ule kundi lake lilipalilia shamba la jirani kwa ngoma tukaacha kazi zetu tukaenda kutazama majembe yanavyopaa na kushuka pamoja? Mvua zilipoanza kupungua alitokea hapa kwenye karakana ya Fundi Hamisi. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anamsalimia Fundi kwa Kiswahili chenye lafudhi yetu ya nyumbani, nikaweka nyundo chini.

Fundi Hamisi nilishakueleza, ni mtu wa Ujiji, ndiye aliyenitoa kwenye kuuza vitumbua akanipa nyundo. Kazi zetu za kila siku unazijua: makarai, ndoo, masanduku ya wanafunzi, na kuziba mapipa ya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, ambazo huku hazinyamazi. Unalala nazo, unaamka nazo, zikizimika ndiyo unashtuka. Kwa hiyo Manju alipoeleza shida yake, Fundi alidhani anataniwa.

Shida yenyewe ni hii. Msimu uliopita wa mavuno, kundi la Manju na kundi la wapinzani wake walicheza uwanja mmoja, kila mmoja upande wake, kama ilivyo desturi, na watu wakaachwa waende wanakotaka. Wapinzani wakatoa chatu kwenye kapu. Basi! Watu wote wakageuka. Manju akabaki anawaimbia wapiga ngoma wake na bibi mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Nataka dume," akasema. "La bati. Kubwa, hata mtu aliye nyuma ya watu wote alione bila kusimama kwa vidole. Liwe na magurudumu wacheza ngoma walivute. Ndani akae mtu wa kuvuta kamba, kichwa kiitikie ngoma. Chatu wao arudi kapuni kwa aibu."

Fundi Hamisi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Nyie na ng'ombe wenu, jamani! Hata wa bati?" Kisha akanigeukia. "Mimi nimekulia ziwani, najua samaki. Huyu binti yenu ndiye ajuaye ng'ombe. Shija, utaweza?"

Nikasema nitaweza. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nimeshamwona.

Mayu, nitakuelezaje kazi hii? Tulipasua mapipa, tukanunua na shiti mpya za bati lile la rangi ya kijivu, tukazikata kwa mkasi vipande vipande. Kila kipande unakilaza juu ya gunia la mchanga na unakigonga kwa nyundo ya mti, ukianzia pembeni unazunguka kuelekea katikati. Mwanzoni ni bati tu, limekutazama na wewe umelitazama. Halina habari na wewe. Ukilipiga kwa hasira linapasuka, na ukilegeza mkono linakunjamana. Lakini ukilipiga pole pole, kwa pigo moja linalofanana na lililotangulia, linaanza kuvimba. Unashtukia bega limekuja. Unageuza, unagonga tena, unapitisha kiganja, na chini ya kiganja kuna ubavu. Siku ya kwanza bega lilipokuja niliacha nyundo nikakaa chini. Fundi akaniuliza kama nimejigonga. Nikasema hapana, nimefurahi tu.

Sikuwa na picha ya kutazama. Nilikuwa nafumba macho. Unakumbuka kazi yangu shambani: Baba nyuma kwenye plau, mimi mbele na kamba, Malunde na mwenzake katikati, na hewa ya pua yake ikinipiga kisogoni siku nzima, ya moto, yenye harufu ya majani. Nilikuwa sijang'oa hata meno ya utoto. Nikigeuka nilikuwa naona kidevu, na ile ngozi inayoning'inia chini ya koo, na juu sana, huko mbali, nundu, na juu ya nundu mawingu. Ndiyo maana nadhani uliposikia Baba kampa jina Malunde, yaani mawingu, ulisema linamfaa, maana hata rangi yake ilikuwa ya mawingu. Basi nilimfua kwa ukubwa ule aliokuwa nao mimi nikiwa mdogo. Fundi alipopima akashika kiuno. Mgongo ulikuwa umefika kwenye paa.

Tukaezua paa la karakana! Haki ya Mungu, tulilitoa bati kwa bati, tukawa tunafanya kazi chini ya mbingu. Wachimbaji wakipita na matope yao wanasimama barabarani wanauliza, "Dada, hilo linasaga mawe?" Mimi nilikuwa juu ya ngazi, na bati likiwa jipya bado lilikuwa linaonyesha mawingu yanavyopita, yanaingia begani yanatokea kiunoni. Siku nyingine nilikuwa naacha kugonga natazama hayo tu. Fundi ananiita mara mbili tatu ndiyo nasikia.

Ilipofika kazi ya kulainisha mbavu ilibidi mimi niingie ndani ya tumbo, na Fundi abaki nje na chuma kizito cha kupokea pigo. Mimi nagonga, yeye anapokea, tunahama pamoja bila kuonana, anaongozwa na sauti. Humo ndani kuna giza zuri, Mayu. Kila tundu la ribiti, ule msumari wa kuungia bati, ambalo halijazibwa linaingiza uzi wa mwanga. Mchana mmoja mvua ikanyesha, Fundi akakimbilia dukani kwa jirani, mimi nikabaki humo humo. Mvua ikawa inampiga mgongoni, nami niko chini ya mgongo, pakavu. Nikalala. Nikaota niko shambani mbele na kamba, udongo umelainika, na nyuma kabisa Baba anapiga mluzi ule wa kugeuza ng'ombe. Nikajua nikigeuka nitamwona ananitazama kwa macho yake mazima. Nikawa nageuka taratibu, taratibu. Fundi Hamisi akabisha hodi kwenye ubavu. "Humo ndani kuna mtu au ndama?" Nilitoka nimevimba uso kwa usingizi na kilio, nikamwambia ni jasho.

Nundu na shingo nilivifanya mwisho, kwa siku ambazo sikuwa naongea na mtu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Tulipomaliza kuchomelea, tukampigia Manju aje aone.

Alikuja amevaa vizuri, kofia na fimbo. Akamzunguka. Akavuta kamba, kichwa kikaitikia, akapiga kofi pajani, akanishukuru. "Wabeja, binti, wabeja sana! Hapa chatu amekwisha." Akapanda ngazi ashike nundu. Nikamwona mkono wake umesimama.

"Hiki ni nini?"

Nikapanda na mimi. Mbele ya nundu, pale shingo inapoanzia, bati lilikuwa limebonyea, bonde dogo lililolala, laini, na upande wa kushoto kakovu kadogo. Mayu, ni alama ya nira. Ni pale mti wa nira ulipomkalia Malunde miaka yote ile mpaka nyama ikajikunja, na hako kakovu ndipo msumari wa nira ulimchubua mwaka ule wa ukame. Baba alikuwa anapapaka samli kila jioni, anapasugua kwa kiganja kabla hajala yeye. Nimeifua bila kujua. Mimi kwangu shingo ya ng'ombe ndivyo ilivyo. Sikumbuki nyingine.

"Umenifulia maksai!" Manju akapiga kelele juu ya ngazi. "Binti, dume la ngoma halivai nira! Mimi nakwenda kushindana na watu wenye midomo. Wakiona alama hii watanitungia nyimbo. Wataimba kwamba Sayi kaleta ng'ombe aliyehasiwa, na yeye mwenyewe wamkague! Mpaka wajukuu wangu wataziimba!" Akashuka. Akasema nipige hapo kwa ndani mpaka pavimbe, pawe pamoja na shingo, na yeye atarudi Jumatatu na fuso akute pameisha.

Fundi Hamisi akaniambia mteja ni mteja, piga. Nikaingia tumboni na nyundo ya mti, nikatambaa mpaka shingoni. Kwa ndani lile bonde linaonekana kama kilima kidogo kinachokuja kwako. Pigo kumi na kingekwisha. Nikainua nyundo. Mama, sikuweza. Nilikaa humo nimeishika juu mpaka bega likauma. Nilijua kitu kimoja tu: Baba macho hana, huyu ng'ombe hata akiwa mkubwa kama kanisa hatamwona. Atakachoweza ni kuweka mkono. Na mahali pekee ambapo mkono wake utamjua Malunde ni hapo. Nikipanyoosha, nitakuwa nimempelekea bati.

Nilitoka nikamwambia Fundi sipigi. Akanifokea, akasema nataka kumvunjia jina, kazi yote hii imekataliwa kwa sababu ya kidonda cha ng'ombe aliyekwisha liwa! Nililia mbele yake bila aibu. Mwishowe akatupa mikono. "Basi Jumatatu utamwambia wewe. Mimi sipo."

Jumatatu ni jana. Manju akaja na fuso na vijana wa kupakia, akapanda ngazi moja kwa moja. Akatazama. Akaniambia polepole, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa mtu mwenye sauti kama ile, "Nilisema nini?"

Nikamweleza yote. Baba, zizi, ndoto zisizo na uso. Nikamwambia, "Manju, ukitaka papigwe, pana mafundi wengine hapa Katoro. Mimi nitakushikia ngazi. Ila kwa mkono wangu hapana."

Akaweka kiganja kwenye lile bonde. Kikaenea. Kidole chake gumba kikaanza kwenda na kurudi, na nadhani mwenyewe hakujua kwamba kinakwenda.

"Mlikuwa mnampaka nini hapa?"

"Samli. Baba mwenyewe, kila jioni."

"Sisi mafuta ya kondoo," akasema.

Vijana wa fuso wakaanza kutazamana. Kisha nikasikia anaguna kitu, anagonga shingo ya bati kwa vidole, kwa mapigo, anatafuta wimbo. Akaangua kicheko huko huko juu. "Waache waimbe! Wakimaliza nitauliza uwanja mzima swali moja. Nani hapa alilimiwa shamba na chatu? Ajitokeze!"

Nyuma ya karakana nikasikia mtu anacheka anakohoa. Kumbe ni Fundi Hamisi, ambaye hayupo.

Basi Mayu, imekuwa hivyo. Malunde anaondoka kesho alfajiri, amefungwa kamba juu ya fuso, na barua hii itakuwa mfukoni mwa Manju mwenyewe. Watapita Runzewe na Ushirombo, watalala Kahama, keshokutwa watashuka Tinde, pale pale kwenye mnada. Nimemwomba dereva akifika Tinde apige honi. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia wewe piga tu. Safari hii anapita Tinde akiwa anarudi nyumbani.

Mimi siji, na inaniuma. Karakana haina paa, na kuna pipa la karasha la watu limepasuka, Fundi hawezi peke yake. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yako.

Jumamosi, kabla ngoma haijaanza na watu hawajajaa, mpeleke Baba uwanjani Mhunze. Mwambie mnakwenda kutazama ngoma, atakujibu kwa ukali atatazama na nini, wewe nyamaza. Manju atalisogeza fuso ubavuni mwa ng'ombe, vijana wawili watampandisha Baba kwenye bodi, na hapo nundu itakuwa mbele ya kifua chake. Usiogope, nimewaambia wamshike vizuri. Usimwambie ni nini. Mshike mkono wa kulia, ule wa kusugua, umwekee mbele ya nundu, kisha umwachie.

Nisalimie dada zangu mapacha, Kulwa na Doto, na Doto aambiwe vitenge vyake vinakuja na basi, aache kunitumia ujumbe. Nisalimie shangazi wa pale kisimani na meno yake mapya. Nisalimie mjomba mchunga mbuzi, na yule mwalimu mstaafu jirani anayewasomea watu dawa zao. Fundi Hamisi anakusalimu, anasema umezaa mtu mbishi.

Na Mayu, siku hiyo beba samli kidogo kwenye kikopo, ukitie chini kabisa ya mkoba. Usimpe. Subiri.

Akiiomba mwenyewe, mpe.

Mimi mwanao niliyekuwa nikitangulia na kamba,
Shija